Gari la zamani na rivasi: tatizo ni usukani, macho, au maegesho ya siku hizi?

#1 Bampa la Chuma
Wadau, salaam.

Nina Peugeot 504 saluni ya 1978, nimeichukua kwa mwalimu mstaafu Morogoro. Mbele inakwenda vizuri, mashimo inayameza, haichemshi. Shida inaanza nikiingiza rivasi. Kuiegesha pale Posta ni shughuli ya kulowesha shati. Usukani mzito, na lile buti lake linaloshukia chini silioni linaishia wapi.

Juzi kijana wa maegesho kanisimamia nyuma: "Njoo, njoo, njoo, bado!" Hiyo bado yake imeishia kwenye nguzo ya zege. Bampa limeingia ndani upande wa kushoto, kioo cha taa kimepasuka, kijana simuoni tena. Fundi wa bodi anasema kunyoosha si tatizo, ila kulirudishia bampa mng'aro wake hapa mjini ni kazi ya kutafutana.

Mimi nasema hizi gari hazikuundwa ziegeshwe kwenye vipenyo vya sasa. Mke wangu anasema gari halina kosa. Wenye magari ya zamani, nyie mnafanyaje?

#2 Kaka wa Passo
Uza mkweche huo ununue Passo. Kamera ipo, king'ora kipo, unaegesha huku unakula muhogo.

#3 Mzee Karata
Wewe #2 ngoja wakubwa tuongee.

Bampa, nimeendesha 404 na baadaye 504 miaka ya themanini, nyingine ndefu za kubeba abiria. Hatukuwa na kamera wala usukani wa pawa, na tuliegesha Kariakoo katikati ya mikokoteni. Siri ni moja: usikate usukani gari likiwa limesimama. Liache litambae kwanza, hata kidogo tu, ndipo ukate. Tairi inayozunguka haibishani na mkono. Ikiwa imesimama unaisaga kwenye lami, na wewe ndiye unayelipa kwa mabega.

Vijana mmezoea magari ambayo mtu anakata usukani kwa kidole huku kasimama, kisha mkipanda gari la zamani mnataka kufanya vilevile. Mkeo yuko sahihi.

#4 Fundi wa Gerezani
Mzee Karata yuko sawa, lakini kabla ya kumlaumu dereva naomba kujua: tairi za mbele ni saizi gani na upepo kiasi gani?

#5 Bampa la Chuma
Ni 195/70 rimu 14. Mwalimu alizikuta dukani akaambiwa zitakaa. Zimekaa vizuri tu. Upepo sijapima karibuni.

#6 Fundi wa Gerezani
Hapo umejijibu mwenyewe. 504 ilitoka na tairi nyembamba za 175 rimu 14. Umeongeza upana, maana yake mpira mwingi zaidi unashika lami pale gari likisimama. Kisha upepo hujapima. Tairi pana yenye upepo mdogo mbele, hata mbeba magunia wa sokoni atatoka jasho.

Cha pili, 504 inatumia reki ya usukani, ile fimbo yenye meno inayosukuma magurudumu ya mbele kukata kona. Mpira wa reki ukichanika vumbi linaingia, grisi inakauka, usukani unakuwa mgumu kidogo kidogo mpaka unazoea na kuona ndivyo lilivyo. Pandisha mbele kwa jeki, tairi zote mbili ziwe hewani, kisha zungusha usukani. Ukiwa bado mzito hewani, tatizo liko kwenye reki au bolijointi. Ukiwa mwepesi hewani na mzito chini, ni tairi na upepo. Jaribio hilo halihitaji hela.

#7 Kombo wa Mlandege
Mimi naona wote mmekwenda kwenye uzito, wakati jamaa kagonga bampa la nyuma kwa sababu haoni. Uzito haugongi nguzo.

Na kuna jambo hamjalisema. Gari likirudi nyuma huku limekatwa usukani, pua yake inatupwa upande wa pili. Wengi wanatazama nyuma tu, madigadi ya mbele ndiyo yanayokwaruza gari la jirani. Huku Unguja, kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe vinavyopitisha gari, ukiona gari la zamani limeumia, tazama kona ya mbele kwanza. Ya nyuma mtu anailinda, ya mbele anaisahau.

#8 Dada Gia
Kombo umesema kweli tupu.

Mimi naendesha Volkswagen Beetle, kwa hiyo nitabishana kidogo na nadharia ya uzito. Injini ya Beetle iko nyuma, mbele hakuna mzigo, tairi ni nyembamba, na upepo wa mbele unawekwa mdogo kuliko wa nyuma. Usukani wake mwepesi hata limesimama. Haina pawa na haihitaji. Na bado kuegesha kuna kazi yake! Nyuma kuna kidirisha tu. Na hiyo yangu ni ya baadaye. Zile za mwanzo mpaka 1953 zilikuwa na kioo cha nyuma kilichogawanywa vipande viwili, halafu mpaka 1957 kikawa kama yai. Aliyekuwa anarudi nyuma na hizo alikuwa anarudi kwa imani.

Halafu kwenye rivasi yenyewe, unabonyeza mti wa gia kwenda chini, unapeleka kushoto, unavuta nyuma. Nikimpa mtu aniegeshee, anatafuta rivasi mpaka foleni inaanza kupiga honi. Wengine wanaingiza gia ya pili wakidhani ni rivasi, gari linaruka mbele. Kwa hiyo funguo sitoi. Kijana wa maegesho akitaka nihamishe, anisubiri nitoke.

#9 Nguzo ya Zege
Nimejiunga leo ili nijitetee. Mimi nilikuwa nimesimama tu.

#10 Kaka wa Passo
Hahahaha #9 kaua uzi.

#11 Wa Kirinyaga Road
Sasa wazee. Niko Nairobi. Babangu alikuwa na 504 station wagon, zile za viti safu tatu zilizokuwa zinabeba watu safari ndefu. Hiyo ilikuwa ndefu kushinda saloon, hata umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 2.90, saloon iko 2.74. Lakini aliiegesha rahisi kushinda saloon ya jirani. Sababu? Nyuma yake imesimama wima. Ukiona kioo cha nyuma kimeishia hapo, gari imeishia hapo. Saloon yenu ile buti imekatwa ikainamia chini, Pininfarina walitengeneza kitu maridadi lakini hawakumfikiria mtu wa kurudi nyuma.

Kwa hivyo shida si urefu. Ni umbo.

#12 Mapezi
@Wa Kirinyaga Road umenikumbusha Mercedes zile za mapezi za miaka ya sitini, zenye ncha zilizoinuka kona za nyuma. Rahisi sana kurudisha. Ingawa mapezi yenyewe yaliwekwa kwa ajili ya kukata upepo kwenye mwendo.

#13 Mhariri Mstaafu
Si upepo, @Mapezi. Mercedes W111 ilipotoka 1959 mtindo wa mapezi ulikuwa umetoka Marekani, ni kweli, lakini kampuni yenyewe iliyaita Peilstege na kuyaeleza kuwa ni alama za kumsaidia dereva kuona kona za nyuma anaporudi. Ukigeuza shingo unaona ncha mbili, unajua gari linaishia hapo. Kama ilikuwa sababu ya kweli au kisingizio cha kufuata mitindo, hilo wabishane wengine, ila kazi hiyo yanaifanya.

Na hawakuliacha wazo hilo. S-Class ya 1991, W140, zile kubwa, za mwanzo zilikuwa na vijiti viwili vinavyochomoza vyenyewe kwenye kona za nyuma ukiingiza rivasi. Baadaye wakaviondoa, wakaweka vihisi.

#14 Mapezi
Nashukuru kwa kunirekebisha mkuu. Jina langu libaki vilevile.

#15 Kaka wa Passo
Kwa hiyo Mjerumani mwenyewe alikiri mtu hawezi kurudi nyuma bila msaada. Nimeshinda.

#16 Mhariri Mstaafu
Umeshinda nusu. Mjapani alikiri pia. Toyota Corona iliwekewa king'ora cha kupima umbali wa nyuma 1982, na Soarer ya 1991 ikapata kamera. Hiyo Passo yako imerithi, haikugundua.

#17 Mzee Karata
Mnaacha hoja. Magari ya zamani yanaonyesha nje vizuri kuliko ya sasa! Nguzo za paa ni nyembamba, vioo virefu, dirisha linaanzia chini. Kaa kwenye 504 ugeuze shingo, unaona dunia nzima. Kaa kwenye hizi gari mpya ugeuze shingo, unaona plastiki. Kamera wameweka kwa sababu wameziba madirisha. Bampa la Chuma haoni kwa sababu hageuki. Anatazama kioo cha kati na kusikiliza kijana.

#18 Bampa la Chuma
Mzee wangu, nageuka. Shingo ndiyo haigeuki kama zamani.

Fundi, nimepandisha jeki. Usukani hewani ni mwepesi. Upepo wa mbele nimekuta 22. Nimejaza mpaka 28, tofauti ipo. Bado si mwepesi.

#19 Fundi wa Gerezani
Safi, reki nzima. Tairi zikiisha rudi 175. Na usizidishe upepo ukitafuta wepesi, utakula katikati ya tairi na breki zitateleza kwenye mvua.

#20 Klachi Imechoka
Nadharia yangu hamjaigusa: sailensa (namaanisha mwendo wa injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, si bomba la moshi) na klachi. Gari la kabureta likiwa la baridi linatetema. Unaachia klachi taratibu, linataka kuzima, unaongeza mafuta kwa woga, linaruka. Kuruka huko ndiko kunakovunja taa. Gari la sindano, yaani la kupuliziwa mafuta badala ya kabureta, linatambaa lenyewe bila kugusa mafuta, kompyuta inaongeza yenyewe. Kabureta haikuongezei kitu. Rekebisha sailensa kwanza, halafu subiri injini ipate moto kabla hujaanza kuegeshaegesha.

Na kama rivasi inaingia kwa kelele ya *krrr*, klachi haikatiki vizuri.

#21 Dada Gia
Si lazima iwe klachi. Kwenye gia boksi nyingi za zamani rivasi haina zile ringi zinazolinganisha mwendo kama gia za mbele. Meno yake yamenyooka, ndiyo maana ukirudi nyuma linalia *wiiiii*. Gari lisiposimama kabisa, lazima likwaruze. Dawa: simama, kanyaga klachi, gusa kwanza gia ya pili, kisha ingiza rivasi. Ile gia ya pili inazisimamisha shafti za ndani.

#22 Fundi wa Gerezani
Dada Gia, karibu Gerezani, tunaajiri.

#23 Muskati
Assalaam alaykum. Nawasoma kutoka Oman. Nina Land Cruiser FJ40, zile zilizoishia kutengenezwa 1984. Huku tunaendesha kulia, usukani uko kushoto, lakini maudhi ni yaleyale. Yangu tairi la akiba limening'inia mlangoni nyuma. Linaziba kioo, na ndilo linalobusu ukuta kabla ya bampa. Yaani unapima kwa bampa, unasahau tairi.

Na wakati wa joto, gari likikaa juani, usukani haushikiki. Nimeona watu wanaegesha kwa ncha za vidole na kitambaa. Utakata usukani mzito vipi kwa ncha za vidole? Wengine tunaweka taulo juu ya usukani kabla ya kushuka.

#24 Kombo wa Mlandege
Muskati, tairi la nyuma ni bampa la bure. Usilalamike.

#25 Muskati
Bure kwangu, sheikh. Ukuta ni wa jirani.

#26 Datsun Babu
Kuna suala la vioo vya pembeni. Datsun na Toyota za zamani zilizotoka Japani zilikuwa na vioo mbele kabisa juu ya madigadi, kwa sababu Japani ilikuwa hairuhusu vya mlangoni mpaka 1983. Watu wanavicheka. Mimi nasema ni bora kwa kuegesha. Hugeuzi kichwa sana, vyote viwili viko mbele ya macho, na kioo chenyewe kinakuonyesha kona ya mbele iko wapi. Hili linajibu hoja ya Kombo ya pua inayotupwa.

#27 Klachi Imechoka
Lakini kitu kinaonekana kidogo mno kwenye vile vioo. Bodaboda nyuma anakuwa kama nzi.

#28 Datsun Babu
Bodaboda haonekani kwenye kioo chochote. Wewe ukianza kurudi, yeye anapita hapohapo nyuma yako. Bajaji hali kadhalika, na mtoto ndiyo kabisa. Kwa hili tu nakubaliana na kamera.

#29 Wa Kirinyaga Road
Mnasema 504 ngumu na ilishinda Safari Rally 1975, 1978 na 1979. Gari ya wanaume hiyo.

#30 Mhariri Mstaafu
1975 Ove Andersson, sawa. 1978 Jean-Pierre Nicolas, na hiyo ilikuwa 504 Coupé ya V6, si saluni ya mwalimu wa Morogoro. 1979 ni Shekhar Mehta na Datsun, naye akaendelea kushinda mpaka 1982.

#31 Datsun Babu
Asante mhariri. Iwekwe kwenye fremu hiyo.

#32 Dada Gia
Na Safari Rally hakuna aliyeegesha kinyumenyume Posta saa tano asubuhi. Pia "gari ya wanaume" tuiache hukohuko barabarani.

#33 Mshauri wa Bure
Nimeona watu wanafunga mota ya usukani ya umeme kutoka kwenye Vitz kwenye magari ya zamani. Inakaa chini ya dashibodi, nje huoni kitu. Bampa kwa nini unateseka?

#34 Fundi wa Gerezani
Inafungika, nimeshiriki kazi za namna hiyo. Lakini kuna mambo matatu ambayo wauza mota hawasemi. Fimbo ya usukani inakatwa na kuunganishwa kwa kuchomelea, na mchomeleaji akiwa wa kubahatisha usukani unaweza kukatika mkononi ukiwa kwenye mteremko wa Kitonga. Pili, ile kompyuta yake inategemea ishara ya mwendo kutoka kwenye Vitz. Isipoipata, mota nyingi zinaingia hali ya tahadhari na kutoa msaada wa kiasi kilekile wakati wote, kwa hiyo barabarani usukani unaweza kuwa mwepesi kupita kiasi. Tatu, inakula umeme mwingi ukikata usukani gari limesimama. 504 ina altaneta, pengine itahimili ikiwa nzima. Kwa Beetle za volti 6 msithubutu.

#35 Mzee Karata
Ukikata fimbo ya usukani ya 504, usije tena kusema una 504.

#36 Mshauri wa Bure
Mzee, bora 504 yenye kiungo cha Vitz kuliko 504 yenye puti kona zote nne.

#37 Mzee Karata
Puti inaondoka. Aibu haiondoki.

#38 Mama Geti Jekundu
Mimi si mtaalamu wa magari, mume wangu ndiye mwenye Mercedes 200D ya 1979. Ninachoweza kusema ni kuwa Posta haijawahi kuliumiza. Limeumia getini kwetu. Geti lilijengwa wakati tuna Starlet. Kila jioni mimi nafungua, natoka barabarani, nasimamisha bajaji, naanza kuelekeza. Yeye dirisha kafunga kwa sababu ya vumbi, hanisikii, halafu anauliza kwa nini sikusema.

Tulichofanya: tumepaka mistari myeupe sakafuni ya kufuata magurudumu ya nyuma, na mwisho tumelaza tairi kuukuu kwenye ukuta. Maneno tumeacha. Mkono juu maana yake njoo, ngumi maana yake simama. Kwa mwenye geti jembamba ningeshauri alipanue geti kwanza, fundi wa geti ni rahisi kuliko fundi wa bodi.

#39 Klachi Imechoka
Post bora ya uzi. Hizo 200D za mwanzo nyingi ziliuzwa bila usukani wa pawa, ilikuwa unaongeza hela. Ya mzee ina pawa?

#40 Mama Geti Jekundu
Hana. Ana mabega.

#41 Bampa la Chuma
Nimewasoma wote. Hoja ya ngumi na mkono nimeichukua, kijana wa maegesho simruhusu tena kuongea. Ile ya gia ya pili kabla ya rivasi inafanya kazi, kelele imekwisha. Usukani bado nasubiri hela ya tairi. Vitz hapana, samahani Mshauri.

Lakini kwenye suala la kuona bado sijaridhika. Mzee Karata anasema geuza shingo, Wa Kirinyaga anasema umbo la buti, Datsun Babu anataka nihamishe vioo. Nimejaribu kufunga kitambaa chekundu kwenye antena ya nyuma, mke wangu kasema gari limekuwa la msiba.

#42 Kombo wa Mlandege
Umbo la buti haliondoki, kwa hiyo usilitazame buti. Teremsha kioo cha pembeni mpaka uone gurudumu la nyuma na lami. Gurudumu ndilo linalokwenda mahali. Ukijua gurudumu liko wapi, na ukishapima mara moja nyumbani kuwa buti linalizidi kwa hatua ngapi, kazi imebaki ndogo.

#43 Mzee Karata
Ukitazama gurudumu, bodaboda anayepita nyuma utamwona saa ngapi? Geuza shingo.

#44 Kombo wa Mlandege
Shingo yake mzee haigeuki, kasema #18. Soma uzi.

#45 Mzee Karata
Aende kwa daktari wa shingo, asiharibu mpangilio wa vioo.

#46 Wa Kirinyaga Road
Jameni, huyo mwenye taa ya nyuma iliyopasuka: ni ya kushoto, si ndiyo? Huku spea za 504 bado unaweza kupata ukizunguka, lakini angalia isije ikawa ya station wagon, hizo taa zimesimama wima, haziingiliani na za saloon. Nitumie picha ya upande wa ndani yenye soketi za balbu.

#47 Bampa la Chuma
Ya kushoto. Nakutumia inboksi sasa hivi. Na ukikutana na bampa zima usiulize bei, lishike kwanza.